Kiinua mgongo, hatifungani na vyumba vya kupangisha: namna ya kupanga kustaafu ukiwa Dodoma

Mtumishi wa Dodoma anapobakiza mwaka mmoja au miwili kustaafu, swali la kwanza analoulizwa na jamaa zake ni kama ameshajenga, na la pili ni kama ana vyumba vya kupangisha. Ni nadra kuulizwa pensheni yake ya kila mwezi itakuwa shilingi ngapi, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui. Mwongozo huu unaanzia kwenye hesabu hiyo, kwa sababu ukishaijua ndipo unapoweza kupima kama fedha za kiinua mgongo ziende kwenye hatifungani, kwenye vipande vya mfuko wa uwekezaji, au kwenye tofali na bati. Nimeuandika hasa kwa watumishi wa umma waliotimiza miaka 50 na kuendelea, ingawa wa sekta binafsi nao watakuta sehemu kubwa inawahusu.

Hesabu ya pensheni kwanza

Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa na kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ambao makao makuu yake yako hapa Dodoma, wakati sekta binafsi na waliojiajiri walibaki chini ya NSSF. Kwa mwanachama wa PSSSF mchango ni asilimia 20 ya mshahara, yaani asilimia 5 inayokatwa kwa mtumishi na asilimia 15 inayotolewa na mwajiri. Ili upate pensheni ya uzeeni sharti uwe umechangia angalau miezi 180, ambayo ni miaka 15. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni 60, isipokuwa kwa kada chache zenye utaratibu wao.

Kanuni zilizoanza kutumika Julai 2022 zinataka hesabu hii: chukua idadi ya miezi uliyochangia, uigawe kwa 580, kisha uzidishe kwa wastani wa mshahara wa mwaka wa ile miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi katika miaka kumi ya mwisho. Unachopata ni pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake hubadilishwa kuwa mkupuo, kile ambacho wengi wetu bado tunakiita kiinua mgongo, kwa kuizidisha mara 12.5, na sehemu inayobaki hugawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi maisha yako yote. Mwaka 2022 sehemu ya mkupuo ilikuwa asilimia 33 kwa wote. Katika mwaka wa fedha 2024/25 Serikali iliipandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likilipwa asilimia 50 zamani, yaani wanachama waliotoka PSPF na LAPF, na asilimia 35 kwa waliobaki. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza kwenye mfuko ni uko katika kundi gani.

Tuchukue mwalimu aliyetoka PSPF, mwenye wastani wa mshahara wa 1,200,000 kwa mwezi katika miaka yake mitatu bora, aliyechangia miezi 360. Mshahara wake wa mwaka ni 14,400,000. Ukizidisha kwa 360 na kugawanya kwa 580 unapata 8,937,931, ambayo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake mara 12.5 inampa mkupuo wa takriban 44,690,000, na asilimia 60 inayobaki inampa takriban 446,900 kila mwezi. Mtu aliyezoea mshahara wa 1,200,000, hata kama makato yalikuwa yakiula, anatakiwa akae na takwimu hiyo ya 446,900 kwa muda kabla ya kufikiria jambo jingine lolote.

Sasa itazame ile 12.5, kwa sababu ndani yake mna kipimo kitakachokusaidia hadi mwisho. Kila shilingi 12.50 za mkupuo umezilipia kwa kuacha shilingi moja ya pensheni kwa mwaka. Mwalimu wetu, kwa kupewa 44,690,000 mkononi, ameacha karibu 3,575,000 kwa mwaka, sawa na 298,000 kwa mwezi, ambazo angelipwa hadi anaingia kaburini. Hakuulizwa kama anataka. Kanuni ndizo zilizoamua. Lakini jambo hilo linampa swali la haki la kuiuliza kila biashara atakayoletewa: je, fedha hizi zikiingia huko zitanirudishia angalau 298,000 kwa mwezi, baada ya gharama zote, bila mimi kuzisukuma kwa mikono yangu? Kwa ufupi, gawanya mtaji wowote kwa 12.5 kisha kwa 12, na jibu ndilo kiwango cha chini unachopaswa kukubali kwa mwezi. Ni asilimia 8 kwa mwaka. Nimeshuhudia maduka ya vinywaji, mashine za kusaga na pikipiki za bodaboda zikianguka mbele ya swali hilo kabla hata shilingi moja haijatoka benki, na huo ndio wakati mzuri wa kitu kuanguka.

Faili lako, miaka mitano kabla

Pensheni inahesabiwa kwa miezi iliyoonekana kwenye kumbukumbu za mfuko, na mwezi usioonekana ni kana kwamba hukuufanyia kazi. Nilipofungua taarifa ya michango yangu nilikuta pengo la miezi 14, na pengo hilo liliangukia kipindi nilichohamishwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Mwajiri wa zamani alidhani mwajiri mpya analipa, na mwajiri mpya alidhani hivyo hivyo kwa mwenzake. Kwa mshahara wa mfano wetu, miezi 14 ni mkupuo pungufu kwa takriban 1,738,000 na pensheni pungufu kwa 17,400 kila mwezi. Ilinichukua mwaka mzima wa barua, nakala za hati za mshahara na safari za kukaa kwenye benchi hadi pengo likazibwa, na lilizibika kwa sababu nilikuwa nimetunza hati za mshahara kwenye boksi la viatu. Mwenzangu mmoja alizichoma alipokuwa akihama nyumba.

Kwa hiyo, mapema kadiri uwezavyo na si baada ya kutimiza miaka 55, omba taarifa kamili ya michango, ama ofisini ama kupitia huduma ya PSSSF Kiganjani kwenye simu, kisha ukae na kalamu uhesabu mwezi kwa mwezi. Kusanya barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua zote za kupandishwa cheo na za uhamisho, na cheti cha kuzaliwa au kiapo chake. Halafu linganisha majina. Kama barua ya ajira inasema Joyce na kitambulisho cha NIDA kinasema Joice, au kama jina la babu limetangulia la baba katika hati mojawapo, rekebisha sasa kwa kiapo, maana herufi moja inaweza kulichelewesha faili kwa miezi. Tarehe ya kuzaliwa iliyobadilishwa katikati ya utumishi ni tatizo kubwa zaidi, na hilo liulize kwa ofisa utumishi wako mapema.

Mkopo wa mshahara nao uingie kwenye hesabu hii. Ukichukua mkopo wa miaka saba ukiwa na miaka 56, deni litavuka siku ya kustaafu, na mkopeshaji atakusubiri kwenye mkupuo. Nionavyo mimi, mwisho wa mkopo wowote mpya uwe angalau mwaka mmoja kabla ya kustaafu.

Fedha ikishaingia

Miezi sita ya kwanza usifanye kitu kikubwa. Ushauri huu unawaudhi watu, kwa sababu mkupuo huingia wakati ambao watoto, wadogo zako, kanisa au msikiti, na mafundi wote wamekwisha kujua tarehe. Ila fedha isiyofanya kitu haipaswi kulala bure kwenye akaunti ya kawaida. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ulianzishwa kwa ajili ya fedha za namna hiyo: unaingia na kutoka bila kukatwa ada ya kutoka, na fedha inaendelea kukua taratibu ukiwa bado unafikiri. Akaunti ya muda maalumu ya benki nayo inafaa, ukikumbuka kwamba riba yake hukatwa kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 10 na kwamba ukiivunja kabla ya muda unaweza kuipoteza riba.

Kabla ya kuwekeza popote, tenga matumizi ya miezi sita hadi kumi na miwili. Kwa mwalimu wetu, tuseme milioni 4. Hizo si mtaji, ni za siku mtoto atakapopiga simu usiku kutoka hospitali.

Hatifungani za Serikali

Hatifungani ni mkopo unaoipa Serikali. Benki Kuu huziuza kwa mnada kwa niaba ya Serikali, za miaka 2, 5, 7, 10, 15, 20 na 25, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita moja kwa moja kwenye akaunti yako hadi muda uishe, ndipo mtaji unaporudi mzima. Kiwango cha chini cha kununua ni 1,000,000. Huendi mnadani mwenyewe. Unapitia benki ya biashara au dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam aliyeidhinishwa, ambaye atakufungulia akaunti ya dhamana, yaani ile ambamo hatifungani zako huandikwa, kwa kitambulisho cha NIDA, picha na namba ya akaunti ya benki. Kwa mkazi wa Dodoma matawi makubwa ya benki pale katikati ya mji yanafanya kazi hii, ingawa baadhi ya watumishi wa dirishani hawaijui na watakusukuma kwenye akaunti ya muda maalumu. Omba kuonana na anayehusika na dhamana za Serikali, usitosheke na jibu la foleni.

Riba inategemea toleo, na mabadiliko yake si madogo. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, Aprili 2022 toleo jipya la miaka hiyo hiyo lilishushwa hadi asilimia 12.56. Aliyenunua la kwanza anaendelea kupata asilimia 15.95 hadi mwisho. Kwa hiyo usisikilize anayekwambia hatifungani zinalipa asilimia kadha wa kadha bila kutaja toleo na tarehe ya mnada. Angalia pia bei: hatifungani ya thamani ya 100 inaweza kuuzwa kwa 97 au kwa 108 kulingana na mnada, na ukiinunua kwa 108 faida yako halisi ni ndogo kuliko riba iliyoandikwa. Riba ya hatifungani za Serikali za miaka mitatu na kuendelea haikatwi kodi ya mapato, jambo linaloipa nafasi nzuri ikilinganishwa na akaunti ya benki.

Tuchukue riba ya asilimia 12 kwa ajili ya hesabu tu. Milioni 40 zitakuletea 2,400,000 kila nusu mwaka, sawa na 400,000 kwa mwezi, na milioni 40 zenyewe bado zipo. Kipimo chetu kwa milioni 40 kilikuwa takriban 267,000 kwa mwezi. Hapo hatifungani imekivuka kwa nafasi kubwa, na hujapanda ngazi kukagua paa wala hujagombana na mtu juu ya bili ya maji.

Kasoro zake mbili usizifiche. Ya kwanza ni kwamba mtaji haukui: milioni 40 utakazorudishiwa baada ya miaka 20 hazitanunua kile zinachonunua leo, hata bei zikipanda kwa asilimia tatu au nne tu kwa mwaka. Dawa yake ni kutokula riba yote. Sehemu ya riba, tuseme robo, irudishwe kununua hatifungani nyingine. Ya pili ni kwamba ukihitaji fedha kabla ya muda utalazimika kuuza sokoni kwa bei ya siku hiyo, na kama matoleo mapya yana riba kubwa kuliko yako, utauza kwa hasara. Mstaafu wa miaka 60 asiweke kila kitu kwenye miaka 25. Achanganye ya miaka 5, 10 na 20.

Kuna ufundi mdogo ambao watu wengi hawauoni. Kwa kuwa kila toleo hulipa riba mara mbili kwa mwaka kulingana na mwezi lilipotolewa, ukigawa fedha katika matoleo matatu, la Januari, la Machi na la Mei, utalipwa Januari na Julai, Machi na Septemba, Mei na Novemba. Yaani kila mwezi wa pili kuna kinachoingia, na ada za shule na mbegu za msimu hupata pa kuegemea.

Vipande vya mifuko ya pamoja

Asiyetaka kusumbuka na minada ananunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko unaokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja. Mfuko wa Umoja wa UTT ulianza mwaka 2005, na baadaye ukafuatwa na Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, Ukwasi na Hatifungani. Kwa mstaafu, mifuko ya kutazama ni Jikimu na ule wa Hatifungani, kwa sababu inaruhusu kupokea gawio kwa vipindi badala ya kuacha fedha zikue tu. Mfuko wa Faida wa Watumishi Housing nao uko wazi kwa wananchi wote. Faida ya vipande ni kwamba unaweza kuuza kidogo kidogo, milioni moja leo na nusu milioni mwezi ujao, jambo ambalo huwezi kufanya na ukuta wa nyumba. Hasara yake ni kwamba hakuna riba iliyoahidiwa na bei ya kipande hupanda na kushuka, hasa kwa mifuko yenye hisa ndani yake.

Yeyote anayekuuzia vipande au anayekusanya fedha za uwekezaji lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na SACCOS lazima iwe na leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo ofisi zake ziko hapa hapa Dodoma. Kwenda kuuliza ni nauli ya daladala. Anayekuahidi asilimia 10 kwa mwezi anaendesha upatu, hata kama amekuja na wimbo wa kwaya.

Vyumba vya kupangisha

Hapa ndipo penye hisia, na ndipo wastaafu wengi wa Dodoma walipoweka fedha zao. Sababu si za kipuuzi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, watumishi wamekuja kwa maelfu. Ofisi zimejengwa Mtumba, treni ya umeme kutoka Dar es Salaam imefika mwaka 2024, na Chuo Kikuu cha Dodoma kinahitaji vyumba vya wanafunzi kila mwaka. Kiwanja kilichokuwa porini Iyumbu au Ihumwa leo kina barabara. Nyumba ni mali inayoonekana, inapanda thamani, na watoto watairithi. Hayo yote ni kweli. Lakini kodi ya chumba nayo ipimwe kwa kipimo kile kile.

Tuseme kiwanja unacho tayari, Miyuji au Nkuhungu, na kwa milioni 40 umejenga vyumba vinne vya self vyenye choo ndani, shimo la maji taka, tangi la maji na uzio. Kila chumba unapangisha 80,000. Kwa haraka haraka mtu anasema 320,000 kwa mwezi na kutabasamu. Lakini kwa mwaka kila chumba kitakaa wazi miezi miwili, kwa kuhama, kupaka rangi na kusubiri mpangaji mpya. Inabaki miezi kumi, yaani 3,200,000. Ondoa asilimia 10 ya kodi ya zuio, inabaki 2,880,000. Ondoa 480,000 za mwaka kwa kunyonya shimo, koki, vitasa, rangi, kodi ya ardhi na fundi wa umeme, inabaki 2,400,000. Ni 200,000 kwa mwezi, chini ya kipimo chetu cha 267,000, na nusu tu ya ile hatifungani ya asilimia 12. Ili vyumba hivyo vifikie kipimo, kila kimoja lazima kipangishwe kwa takriban 102,000. Ili vilingane na hatifungani, takriban 147,000. Badilisha namba zangu uweke zako, kwa mtaa wako na bei ya fundi wako, lakini usiruke hatua ya miezi iliyo wazi. Wanaoniambia vyumba vyao havijawahi kukaa wazi huwa wamejenga mwaka jana.

Mpangaji unayemlenga ndiye anayeamua miezi hiyo. Wanafunzi wa upande wa Ng'ong'ona wanalipa, ila hupungua chuo kinapofungwa, na wanaingia wawili au watatu katika chumba ulichokihesabia mmoja, ndipo shimo linapojaa kabla ya wakati. Watumishi wanaofanya kazi Mtumba wanapenda Nzuguni, Ihumwa na Ilazo, wanakaa muda mrefu, lakini wanataka chumba na sebule au nyumba nzima yenye maji ya uhakika. Nyumba zenye samani huvutia wageni wa vikao vya Bunge, hasa kile cha bajeti kati ya Aprili na Juni, na biashara hiyo ni kazi ya kila siku yenye mashuka na funguo, si pensheni. Maji ndiyo roho ya nyumba ya Dodoma: chumba kizuri kisicho na tangi katika mtaa wenye mgao hakipati mpangaji wa kudumu, hivyo usibane fedha hapo ukaenda kuzimwaga kwenye geti.

Kama huna kiwanja, hati ndiyo ya kutazama kabla ya ramani. Hati za zamani za Dodoma zilizotolewa na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, zilikuwa za miaka 33. Mamlaka hiyo ilivunjwa Mei 2017, shughuli zake zikahamia manispaa, na ikaelekezwa hati ziwe za miaka 99. Kwa hiyo ukinunua kwa mtu, soma mwaka ambao hati ilianza na uhesabu iliyobaki, kisha ukafanye upekuzi ofisi ya ardhi kuona kama ina rehani au zuio. Hakikisha mwenza wa muuzaji amesaini ridhaa. Kiwanja cha maneno chenye karatasi ya serikali ya mtaa tu si mahali pa kuweka kiinua mgongo, hata kama jirani amejenga ghorofa juu ya karatasi kama hiyo. Omba pia kibali cha ujenzi kabla ya msingi.

Ukiwa na wapangaji, andika mkataba, hata kwa chumba kimoja. Uonyeshe kiasi, miezi inayolipwa mbele, notisi, na nani anabeba kodi ya majengo, ambayo siku hizi hukatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU na hivyo humwangukia anayeshika mita. Wapangaji wengi hawajui kwamba wanalipa kodi ya mwenye nyumba, na wakijua, ugomvi huanza. Ni bora uandikwe mapema kwamba fedha hiyo itapunguzwa kwenye pango.

Jambo moja la wakati. Anayejenga vyumba akiwa na miaka 45, kwa mshahara, tofali kwa tofali, anaingia kustaafu na nyumba iliyokamilika, na hiyo ni mali njema. Anayesubiri mkupuo ndipo aanze msingi akiwa na miaka 60 yumo katika hatari ya kubaki na pagale. Ukipita Nala au Michese utayaona: ukuta umefika lenta, nondo zimeota kutu hewani, michongoma imeingia sebuleni. Nyingi kati ya hizo zilianza na fedha kamili kwenye makadirio ya fundi, na makadirio ya fundi hayahesabu bati litakalopanda bei katikati ya kazi. Ongeza theluthi moja juu ya anachokuandikia, na kama huna theluthi hiyo, usianze. Kwa maoni yangu, nyumba ya kuishi ije kabla ya kustaafu kwa gharama yoyote ya kujibana. Vyumba vya kupangisha vijengwe na mshahara, si na kiinua mgongo. Shamba la zabibu la Hombolo au Mpunguzi nalihesabu kundi moja na vyumba: zuri kwa aliyelianza mapema na mwenye nguvu za kupogoa.

Mgawanyo ninaoupendekeza

Kwa mwalimu wetu mwenye 44,690,000, ambaye ana nyumba yake Kisasa na hana deni, ningegawa hivi: milioni 4 kwenye Ukwasi kwa dharura, milioni 27 kwenye hatifungani za matoleo matatu ya miaka tofauti, milioni 10 kwenye vipande vinavyotoa gawio, na zinazobaki zimalizie tangi na paa la nyumba yake, kwa sababu nyumba inayovuja ni deni lililofichwa. Hatifungani zikilipa asilimia 12 ataongeza 270,000 kwa mwezi juu ya pensheni yake ya 446,900, bila kuhesabu gawio. Mwenye watoto wadogo aongeze fungu la ukwasi. Mwenye miaka 55 anayestaafu kwa hiari akumbuke kwamba amepoteza miezi 60 ya kuchangia na ana miaka mitano zaidi ya kulisha, kwa hiyo asiguse kabisa mtaji.

Usiwe mdhamini wa mkopo wa mtu baada ya kustaafu. Usichukue mkopo wa wastaafu unaokatwa kwenye pensheni ili kuanzisha biashara ambayo hujawahi kuifanya. Anayepiga simu akidai ni ofisa wa mfuko na kwamba faili lako litasogea ukituma ada, kata simu uende ofisini mwenyewe.

Mambo ya mwisho ni ya karatasi. Kabla ya siku ya mwisho kazini shughulikia kitambulisho cha bima ya afya cha NHIF cha mstaafu, kwa ajili yako na mwenza wako, na ujue kwamba watoto hawamo. Jifunze namna ya kufanya uhakiki wa mstaafu kupitia simu, kwa sababu anayeukosa husimamishiwa pensheni hadi ajitokeze. Kisha mkae na mwenza wako jioni moja, mezani, na daftari: namba ya uanachama wa mfuko, namba ya akaunti ya dhamana, orodha ya hatifungani na miezi zinapolipa, mahali hati ya nyumba ilipo, na majina ya wapangaji wanaodaiwa. Aandike yeye kwa mkono wake, nawe umsomee.